Shikamoo ya Mtani

Chama chetu cha Wanyamwezi wa Wete kilikuwa na masufuria makubwa ya kupikia shughuli, majamvi ya kukalia, vikombe ambavyo havikutolewa ila kwa msiba, na lugha ambayo karibu wanachama wote hawakuijua. Ukiingia mkutanoni unasema "wangaluka", wenzako wanaitikia "wangaluka", kisha mambo yote yanaendelea kwa Kiswahili, tena kile cha Kipemba. Bibi yangu, aliyezaliwa na Kinyamwezi mdomoni, alikuwa akitukumbusha kila mara kwamba salamu ile ni ya asubuhi, na mikutano yetu ilikuwa baada ya alasiri. Hakuna aliyejali. Neno lenyewe moja, ulifungie asubuhi kwa sababu gani?

Tulikuwa na wimbo pia. Mwenyekiti wetu, mzee mrefu aliyekuwa mnyapara wa wachukuzi bandarini, alitusimamisha tuuimbe kila mkutano, mkono kifuani, na alitwambia maana yake ni "tushikamane tuwe kitu kimoja". Tuliuimba miaka na miaka, wengine machozi yakiwalengalenga. Siku moja Bibi, akiwa na jino linamuuma na subira imemwishia, akasema wimbo ule unamhusu mbuzi aliyekula mtama wa mama mkwe. Mwenyekiti akakohoa, akasema hata mbuzi anaweza kuwa fumbo. Tukaendelea kusimama na kumwimbia mbuzi wetu.

Mimi sikuingia Chama kwa mapenzi, niliingia kwa talaka. Nilikuwa nimeolewa kisiwani Fundo na mwanamume aliyewapenda samaki kuliko watu, na mwisho wa miaka ya hamsini nikarudi Wete, mtaa wa Jadida, kwa Bibi na godoro langu, sanduku langu na kisirani changu. Bibi hakuniuliza nimeachwa kwa nini. Aliniuliza kama naweza kusonga ugali wa watu wengi. Nikamwambia naweza. Basi akaniandikisha Chama siku ileile, na toka hapo mwiko mkubwa wa Chama ukawa wangu.

Bibi mwenyewe aliletwa Pemba angali msichana, na baba yake aliyekuja kupalilia mikarafuu. Tabora aliikumbuka kwa vipande: vumbi, jiwe moja kubwa nyuma ya nyumba, na shangazi mmoja mwenye sauti. Wengine wetu tuliozaliwa hapahapa hatukuwa hata na vipande. Tulikuwa na Wasukuma, ambao tuliwahesabu ni Wanyamwezi waliochelewa njiani. Tulikuwa na Mmanyema mmoja aliyejiunga kwa ajili ya masufuria, na hakulificha hilo. Kazi ya Chama ilikuwa kuzikana, kuozana, kucheza ngoma siku ya pili ya Sikukuu, na mara moja kwa mwaka kupanda lori kwenda Vitongoji kula ufukweni. Na kugombana, bila shaka. Ukikutana na Wanyamwezi ugenini ambao hawagombani, watazame vizuri, huenda si Wanyamwezi.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Chama hakikuweza kujifanyia chenyewe, nacho ni utani. Mtu hawezi kujitania, kama asivyoweza kujikuna mgongo. Mtani wa Mnyamwezi ni Mzaramo, tangu enzi za babu zetu kuteremka pwani na mizigo vichwani na kuwakuta Wazaramo wamekaa kivulini wakiwatazama. Na Wazaramo wa Wete walikuwa mmoja.

Alikuwa dobi. Mtu mfupi, kipara, ametoka upande wa Kisarawe, kaja Pemba kuchuma karafuu akaona karafuu zinachosha, akashika pasi ya mkaa. Mke wake alikuwa Mpemba wa palepale Jadida, na nyumba yao ilitazamana na yetu, njia tu katikati. Kila asubuhi alipita na bonge la nguo begani, akasimama mbele ya baraza letu.

"We punda wa Tabora, umeshatua mzigo au bado?"

"We Mzaramo," Bibi anajibu bila hata kuinua macho kwenye ufagio, "umeshauza mnazi wa babako ukakodi ngoma, au ngoma ya leo ya mkopo?"

Hapo siku imeanza. Jirani yetu wa Kipemba, mama mmoja mcha Mungu sana, aliishi nasi miaka yote ile na hakuizoea salamu hiyo. Alikuwa akiniuliza, "Hivi nyie, mna ugomvi gani usokwisha?" Nikimwambia huo si ugomvi ila ni mapenzi, ananitazama kama mtu aliyeambiwa pweza ni ndege.

Msibani ndipo mtani anapofanya kazi yake hasa. Alipofariki mzee mmoja wa Chama, ambaye maisha yake yote alikuwa akiomba ugoro wa watu na wake hamgei mtu, dobi alikuja matangani amevaa koti la marehemu mwenyewe. Lilikuwa kwake, limeletwa kufuliwa. Akaingia anachechemea vilevile alivyokuwa akichechemea yule mzee, akapita kwa waombolezaji mmoja mmoja, kiganja wazi: "Nigee ugoro kidogo, wangu nimeusahau nyumbani." Mjane, aliyekuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake, alicheka mpaka akamwangukia jirani yetu.

"Astaghfirullahi!" jirani akapiga kelele. "Yuno dobi kaingiwa na nini? Ntu hata hajazikwa, nae anamwigiza!"

"Kaingiwa na kazi yake," Bibi akamjibu.

Dobi akakaa mbele ya mjane, akamwambia sasa basi kulia, ale, na mjane akala. Hiyo ndiyo kazi. Jamaa hawezi kukwambia uache kulia, maana na yeye analia, na jirani anaona haya. Mtani hana haya, na hawezi kukataliwa. Usiku wa siku ile Bibi aliniambia maneno ambayo baadaye aliyarudia mpaka nikayachoka: "Mimi nikifa, asinililie mtu kabla Mzaramo yule hajanitukana. Maiti asiyetaniwa ni maiti asiye na watu. Sitaki kuzikwa kama mzigo uliookotwa."

Nikamwambia hafi leo. Akasema hakusema leo.

Zikaja zama za siasa. Asiyeziona zama zile hawezi kuamini upumbavu tuliokuwa nao, na aliyeziona hujifanya kasahau. Watu waligawana kila kitu. Palikuwa na duka la kwenda na duka la kutokwenda, kisima cha hawa na kisima cha wale. Mwanamke alirudi kwao kwa sababu mumewe kapiga kura vibaya. Ndugu wawili niliowajua walimwekea mama yao matanga mawili, kila mmoja na lake, na maskini yule mama alikuwa mmoja tu. Na sisi wa Chama, tuliokuwa tukisema letu ni kuzikana basi, tukajikuta mkutano unaanza kwa mbuzi wa mama mkwe na unamalizika kwa hotuba. Mwenyekiti alikuwa amepata chama kingine cha kukipenda, na mtu mzima akipenda ukubwani hashikiki.

Dobi naye alikuwa na balaa lake: bendera. Kila chama kilikuwa na bendera, na bendera huchafuka. Watu wa hapa walimletea za kwao, wa kule za kwao, naye akazifua zote na kuzianika kamba moja. Zilipepea pamoja mbele ya nyumba yake, zikipigana makofi na upepo. Waliomuuliza yuko upande gani aliwajibu, "Kwangu mimi zote zinatoa rangi."

Sisi wengine tulicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Mwaka ule tulikwenda Vitongoji kama kawaida, kwenye lori lililokuwa na harufu ya karafuu mpaka kwenye matairi. Bibi alikuwa amepika michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, akaichemsha na karanga za kuponda. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha asili, na kwa kweli si kizuri sana, lakini asili haiulizwi utamu. Dobi alikuwa nasi. Hakualikwa, maana mtani haalikwi. Alikuwa amekaa juu ya gurudumu la akiba tangu Wete akituhesabia makosa.

Tukatandika majamvi, tukaimba wimbo wetu. Nilipoanza kupakua, dobi akanyanyuka, akaliinua sufuria dogo, lile la wazee, akajitwika kichwani na kuanza kutembea ufukweni kama mpagazi wa zamani.

"Hizi kuni za Tabora nakwenda nazo!" akapaza sauti. "Nitazitia kwenye pasi!"

Watoto wakamkimbilia. Bibi akaninyang'anya mwiko, akainuka na magoti yake mabovu kumfukuza, na uso wake siku ile ulikuwa wa msichana. Hii ilikuwa kila mwaka. Sufuria huibiwa, Bibi hukimbiza, dobi hupigwa mwiko mmoja, na chakula kinaliwa.

Mwenyekiti akasimama. "Mwizi!" akasema. "Weka sufuria hilo chini. Huna utani na sisi. Nenda kawaibie hao unaowafulia bendera."

Dobi aligeuka bado anatabasamu, akingoja kicheko kinachofuata. Hakikuja. Akamtazama Mwenyekiti usoni, akatazama vizuri. Kisha akaliteremsha sufuria, akaliweka mchangani, akarekebisha kifuniko chake ili mchanga usiingie.

"Samahani, Mzee wangu," akasema.

Bibi alikuwa katikati ya ufuko, mwiko juu. "Mungu wangu," nilimsikia akisema. "Kaomba radhi."

Michembe ile tuliila kwa sababu ilikuwapo. Dobi hakurudi na lori. Alishika njia kwa miguu kuelekea Chake, na toka hapo sijui alifikaje Wete. Kesho yake asubuhi Bibi alikuwa barazani mapema kuliko kawaida, anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Najua alikuwa na tusi tayari, kubwa, la kufidia yote ya jana. Dobi akapita na bonge lake la nguo, akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Umeamkaje?"

Ufagio ukasimama. Bibi hakuitikia. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akaniita.

"Kaniamkia," akasema.

"Si vizuri hivyo, Bibi?"

"Vizuri?" Alinitazama kama mimi ndiye niliyemwamkia. "Mtu huamkia wakubwa zake na watu baki. Mimi si mkubwa wake."

Basi akaanza vita ya kumfanya dobi amtukane, na sijaona vita ya ajabu kama ile. Alinituma na nguo za kufuliwa, ndani kafungia kifuu cha nazi. Zamani kifuu kile kingerudi kimepigwa pasi na kuvalishwa kitambaa kichwani. Safari hii zilirudi nguo peke yake, zimekunjwa pembe kwa pembe, na salamu: "Msalimu Bi Mkubwa." Akamwambia mke wa dobi, kwa sauti ya kufika bandarini, kwamba mumewe anafua kwa machozi kwa kuwa sabuni anakula. Dobi akatoka nje akasema atajitahidi zaidi, inshallah.

Siku moja, mchana kweupe, Bibi akavuka njia, akaingia uani kwa dobi, akamkamata jogoo wake mwekundu ambaye dobi alimpenda kuliko wateja, akasimama naye njiani anamtikisa. Mtaa mzima ulitoka. Dobi akaja mlangoni, mkewe nyuma yake kashika kiuno.

"Mchukue, Bi Mkubwa," dobi akasema taratibu. "Ni halali yako. Ukitaka na mtetea nitakuletea."

Bibi alirudi na jogoo kwapani kama mtu aliyepokonywa kitu. Nikatoa kisu. Akanikataza.

"Nitamlaje? Kanipa!" Na hapo akalia, Bibi yangu, ambaye talaka yangu haikumtoa chozi. "Kuku wa mtani huliwa wa kuiba. Huyu nimepewa sadaka kama ombaomba."

Yule jogoo akabaki kwetu. Hakuchinjwa, hakurudishwa, akawa anawika kila alfajiri kama mwenye nyumba, na kila akiwika Bibi hugeukia ukutani.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aibu ilimshika, ila ilimshika kwa namna yake, yaani kwa kuitisha mkutano. Ikaamuliwa Chama kiende kumwomba dobi radhi, wazee wanne, na sinia la halua. Bibi aliwaambia wazi: "Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemthibitishia kwamba tusi lilikuwa la kweli. Nendeni mkamtukane, mrudi." Mwenyekiti akasema mambo ya siku hizi yanataka utaratibu. Wakaenda na kanzu zao na utaratibu wao. Walinyweshwa kahawa, wakasomewa dua, wakarudi nyuso zinang'aa.

"Tumeyamaliza, Bi Mkubwa," Mwenyekiti akasema. "Tumepeana mikono."

"Mmepeana mikono?" Bibi akauliza. "Basi mmekwisha kumzika."

Na kweli. Toka siku ile dobi alipishana na watu wa Chama kwa heshima tupu, na wao naye. Ungefikiri wanakutana ofisini kwa mkubwa wa serikali. Nilikuwa nikiwasikia njiani, "Hujambo, bwana", "Sijambo, bwana", na nikataka kuwapiga wote kwa mwiko.

Mvua za masika zilipoanza Bibi akalala. Mwanzoni alisema ni magoti, kisha kifua, kisha akaacha kusema ni nini. Aliloliuliza lilikuwa moja: "Mzaramo kapita?" Kapita. "Kasemaje?" Anakusalimu. Hapo anafumba macho, na mimi namchukia dobi, namchukia Mwenyekiti, nazichukia bendera zote na kamba yake.

Chama, kwa kuwa hakikosi mbinu, kikatafuta mtani wa badala. Mmanyema wa masufuria akajitolea, na mazoezi yakafanyika barazani kwetu, nyuma tu ya dirisha la mgonjwa, kwa sababu watu wetu hawakujaaliwa akili ya kuchagua mahali. Mmanyema akasimama, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa madrasa.

"Marehemu," akaanza, "wewe ulikuwa... ulikuwa ukizidisha chumvi kwenye mchuzi."

"Hayo ni malalamiko!" sauti ya Bibi ikatoka dirishani. "Tukana!"

"Ulikuwa na... na maneno mengi."

"Mwanangu, hata mimi unaniletea usingizi tu. Mtoeni huyo."

Wakamtoa. Nami nikafunga kanga vizuri, nikavuka njia.

Dobi alikuwa barazani kwake anapiga pasi kanzu, na wateja walikuwapo, wa chama hiki na wa kile, kila mmoja katazama upande wake. Nilisimama mbele yao wote. Mimi mjukuu wa Mnyamwezi, na utani wa Bibi ni wangu pia.

"We Mzaramo mvivu!" nikamwambia. "Ngoma unaziweza, mwiko unaukimbia. Ajuza wa magoti mabovu kakushinda, umejificha nyuma ya shikamoo kama mwari nyuma ya pazia. Bibi anakufa! Hata kumtukana mtu anayekufa huwezi? Una kazi gani basi duniani?"

Wateja walitazama chini. Dobi aliinua pasi, akaiweka pembeni isiunguze kanzu ya mtu.

"Pole na kuuguza, Bi," akasema.

"Usiniambie pole!"

"Mimi mwenyewe nimejaribu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo wateja hawakuisikia. "Kila siku nikifika pale natoa tusi, nalikuta halipo. Utani hutoka mdomoni tu. Mzee wenu aliniita mwizi kwa macho. Mtu akishakutazama vile, utacheza naye utani gani tena?"

Nilikuwa nimekwenda kugombana na mtu, nikamkuta ameumia. Nilichukua kanga ya mtu kwenye kamba yake nikaitupa chini kwenye tope, basi tu, nikarudi nyumbani.

Bibi alifariki Alhamisi asubuhi, jogoo akiwika. Alikuwa ameniuliza kama dobi kapita, nami nilikuwa nimemwambia bado.

Watu walijaa, maana kwenye kuzikana hatukuwa na mpinzani. Vikombe vya msiba vilitolewa, majamvi yakatandikwa, masufuria yakawekwa jikoni. Jirani yetu alimwosha Bibi kwa upole ambao nitamshukuru nao mpaka nami nioshwe. Sisi wanawake tulikuwa ndani na uani, wanaume nje. Nilichungulia nikamwona dobi. Alikuja na kanzu nyeupe iliyonyooka, akatoa pole kwa Mwenyekiti, akaketi mwisho wa jamvi na kuinamisha kichwa kama mgeni aliyepita njia. Kila mtu wa Chama alimtazama, kisha akatazama pengine. Mmanyema alisimama, akafungua mdomo, akaketi.

Hapo nilijua Bibi anazikwa kama mzigo uliookotwa. Nilijua, na nikaanza kulia, na ilikuwa dhidi ya amri yake.

Wakamswalia, wakainua jeneza. Na tukasikia makelele uani kwetu, wanawake wanavuta mitandio, jirani anapiga ukunga: "Mwanamme! Mwanamme kaingia uani!" Alikuwa dobi. Alipita katikati yetu bila hodi, akaruka sufuria la mchuzi, akamkimbiza jogoo mwekundu kuzunguka kisima mara mbili, akamdaka kwa mkia. Kanzu yake ilikuwa tope mpaka magotini. Akatoka naye mbele, akajilaza chali mlangoni, pale ambapo jeneza lazima lipite, jogoo kifuani.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mteremsheni mwizi huyo! Kaniibia jogoo mchana kweupe, mtaa mzima umeona, leo anajifunika shuka jeupe ati anakwenda kwa Mungu! Malaika wafunge mabanda yao!"

Wachukuzi wa jeneza walisimama. Dobi akainua kichwa kutazama sanda.

"Na nguo hiyo kaipiga pasi nani? Ina makunyanzi kama uso wake! Punda wa Tabora we, maisha yako yote umebeba watu, leo umepata wa kukubeba umenuna!"

Aliyecheka kwanza ni Mwenyekiti. Alikuwa ameshika mguu wa mbele wa jeneza, na lilimtikisikia begani mpaka shehe akamwambia ashike vizuri, shehe mwenyewe mdomo kauziba kwa kilemba. Mwenyekiti alicheka na machozi yakamchuruzika puani, na aliposema "We mwizi, mpishe mwizi mwenzio apite," ilikuwa kwa mdomo tu, macho yalikuwa yanaomba kitu kingine. Dobi akamtazama, akatazama vizuri kama siku ile ya Vitongoji. Kisha akainuka, akaingiza bega lake chini ya jeneza, jogoo kwapani, na hivyo ndivyo Bibi yangu alivyokwenda makaburini.

Waliporudi, dobi aliingia tena uani bila hodi. Akaketi mbele yangu.

"Nyamaza, we punda mdogo. Kapike."

Nilimuuliza kwa nini hakuja jana. Jana angemsikia. Nilimuuliza kwa hasira ya kweli, na hasira haina nafasi kwenye utani, lakini niliitoa hivyohivyo.

Dobi alipangusa tope la kanzu kwa kidole. "Jana angenijibu," akasema. "Miaka yote ile sikumshinda hata mara moja."

Siku ya hitima tulimchinja jogoo, maana sasa alikuwa wa kuibwa, halali kuliwa. Niliweka sahani katikati ya dobi na Mwenyekiti. Dobi alitafuna, akatafuna, akalalamika kwamba nyama ni ngumu, na kwamba Wanyamwezi hawajui kupika ila kuni.

"Kuku wako mwenyewe, we Mzaramo," nikamwambia. "Ungemtukana Bibi mapema, tungemla angali laini."

Aliacha kutafuna. Kisha akaisogeza sahani kwangu, kashindwa tena, akaniomba mchuzi.